Kaburi la Bwana Moro

Al Wakrah, Ijumaa jioni

Mwanangu Wakesho,

Umetoka kwenda kuagana na rafiki zako ufukweni, na mama yako amejilaza kidogo baada ya kulifunga sanduku lako kwa mara ya tatu. Nyumba imetulia, na mimi nimepata meza. Mambo ya pasipoti, chanjo, blanketi la bweni na namba ya simu ya shangazi yako wa Voi, mama yako ameshayasema yote, na nimemwona akiyabandika tena ndani ya kifuniko cha sanduku. Sitayarudia. Wala sitakwambia usome kwa bidii. Ungekuwa mvivu tungeshajua.

Nataka kukusimulia habari moja kabla hujafika nyumbani. Ukifika Taita nyanya yako Rispa atakusimulia hiyo hiyo, atakusimulia kwa namna yake, na katika masimulizi yake mimi ni mwongo. Hasingizii. Nilidanganya kweli. Ila ningependa uusikie uwongo wangu kutoka kwangu kwanza.

Kipande kimoja unakijua. Umenisikia mara nyingi nikiwachekesha wageni hapa sebuleni kwamba nilikwenda Ireland nikalilia kaburi la mtu nisiyemjua. Watu hucheka, mama yako huleta chai, basi. Kilichotangulia sijawahi kukisema, na kilichofuata ndiyo kabisa.

Nyanya yako alizaliwa kwenye shamba la mkonge, chini kule bondeni. Baba yake alikuwa mzungu, msimamizi wa shamba, kijana wa kutoka vijijini Ireland aliyeitwa James Morrow. Wafanyakazi hawakuwa na shida na jina hilo, wakamwita Bwana Moro. Alikaa na nyanya yangu Saru kama mke na mume, ingawa hawakuandikishwa popote. Rispa alipozaliwa, Bwana Moro alimbeba mwenyewe, akapanda naye mlimani hadi kanisa la Kianglikana, mtoto akabatizwa. Yeye alikuwa Mprotestanti, na kwa Waprotestanti wa kwao jambo hilo lilikuwa na uzito. Nyuma ya cheti cha ubatizo akaandika kwa kalamu jina la kijiji chake, akamwambia Saru, "Hapa ndipo kwetu." Kijiji chenyewe sikitaji humu kwa sababu hadi leo siwezi kukitamka bila watu wa huko kucheka.

Rispa alipofika miaka sita, barua ilikuja kwamba baba yake Bwana Moro anaumwa. Akaondoka. Alisema atarudi mvua zikiisha. Mvua zimeisha mara nyingi tangu hapo.

Hakuandika hata mstari mmoja. Saru aliolewa na mtu mwingine, na Rispa akakua akiitwa mtoto wa mzungu aliyeachwa. Rangi yake ndiyo uliyoirithi wewe puani na mashavuni ukikaa juani, yale madoa unayoyapaka krimu.

Sasa ngoja nikwambie kosa langu la kwanza, nalo ni la siku nyingi. Nilikuwa darasa la tano. Siku ya wazazi mama alikuja shuleni amevaa gauni la kijani na kitambaa kichwani, akasimama mlangoni akinitafuta kwa macho. Watoto wakaanza kunong'ona: "Yule mzungu ni wa nani?" Mmoja akaniuliza mimi. Nikajibu, "Ni mama wa kanisani kwetu tu." Nilisema kwa sauti ya chini, lakini darasa la vijijini si kubwa. Mama aliketi nyuma hadi mwisho, akaangalia madaftari yangu, akampongeza mwalimu. Njiani akanipa nusu ya andazi lake. Hakusema neno, si siku hiyo wala miaka iliyofuata. Hapo ndipo nilipozoea, nafikiri. Nilidhani uwongo ukishapita kimya umekwisha.

Nilikuja Doha mwaka 2004 kama mlinzi. Tulikuwa wanane chumbani kule Industrial Area: sisi Wakenya watatu, Waganda wawili, Watanzania watatu. Tulipika kwa zamu na kugombania ugali uwe mgumu kiasi gani. Basi la kampuni lilitubeba alfajiri na kuturudisha jioni tumekauka kama samaki. Sikulalamika sana, maana tulicheka sana. Baada ya miaka miwili nilipata leseni ya Qatar, nikaajiriwa kuwa dereva wa mzee mmoja wa Kikatari. Wewe unamjua, umekula tende zake. Watu wa mjini walimwita Abu Nasir, na sisi wafanyakazi wa nyumbani tulimwita Baba.

Baba alikuwa na mapenzi mawili: farasi na nasaba. Alikuwa akijua baba wa baba zake hadi kumi na nne, na farasi wake aliwajua vivyo hivyo. Wiki ya kwanza nikiwa namwendesha, tukiwa kwenye foleni pale Al Sadd, aliniuliza, "Ewe Mwakio, baba yako nani?" Nikamwambia. "Na baba yake?" Nikamwambia. Akaridhika. Kisha akageukia upande wa mama. "Na baba wa mama yako?"

Nikamtungia mtu. Nikampa jina zuri la Kitaita, nikamfanya mfugaji, nikampa na ng'ombe sitini. Baba akafurahi sana. Kwa miaka sita alikuwa akiniulizia habari za ng'ombe wale, na mimi ilinibidi nikumbuke ni wangapi walizaa na wangapi walikufa ukame. Niliwahi kumwuguza fahali mmoja kwa mwezi mzima, fahali ambaye hayupo.

Wakesho, kule unakokwenda utaulizwa swali hilo hilo kila siku. Umeondoka Kenya ukiwa msichana mdogo, Kiswahili chako kina Kiarabu, Kiingereza chako kina Doha. Watakuuliza, "Wewe ni wa wapi hasa?" Utachoka kueleza. Utatamani kutoa jibu fupi ili watu wakuache. Najua tamaa hiyo ilivyo tamu. Kufuga ng'ombe sitini wa uwongo ni kazi kubwa, mwanangu, kuliko unavyodhani.

Mwaka 2010 Baba alitaka kwenda Ireland kununua farasi. Huko wanazalisha farasi wazuri sana. Akasema nitamfuata, kwa sababu haamini dereva asiyemjua na hataki kahawa asiyoizoea. Nilipompigia mama kumuaga, nikataja nchi.

"Airilandi?" akasema. "Huko ndiko alikokwenda baba yangu."

"Najua, mama."

"Basi nenda ukamwone amelala wapi. Sitaki kingine. Mtu akifa kuna mahali amewekwa. Nataka kujua kama amewekwa vizuri."

Akampa binamu yangu aliyekuwa na simu yenye kamera ile karatasi ya ubatizo aipige picha, nikatumiwa. Nikasema ndiyo mama, ndiyo mama. Na nikaenda Ireland, nikakaa siku tisa, na kwa mujibu wa ramani ya kwenye gari kijiji kile kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Sikwenda. Ningemwambiaje Baba? Ningeanza vipi kuwazika wale ng'ombe? Baba alikuwa akiangalia farasi, mimi nikakaa garini nikiangalia mvua. Niliporudi nikamwambia mama kwamba ni mbali sana, ni upande mwingine wa nchi. Akasema, "Haya, Mungu akipenda safari nyingine." Alinishukuru. Hiyo ndiyo iliyoniuma, kwamba alinishukuru.

Kwa hiyo Baba alipoamua kurudi kule mwaka 2012, mama alikuwa tayari kabla yangu. Alinitumia, kwa mkono wa kijana wa Mwatate aliyekuwa anakuja kazini Doha, kifuko kidogo cha kitambaa chenye udongo. Ulitoka kwenye kaburi la mama yake, Saru. Hakueleza zaidi. Nilikishika kifuko kile nikaona sina pa kukimbilia tena.

Nilimwambia Baba barabarani, siku yetu ya pili Ireland, nikiwa nimeshika usukani ili nisimtazame usoni. Nilisema yote: shamba la mkonge, Bwana Moro, karatasi, udongo. Na ng'ombe.

Mara nikasikia kitu kama kikohozi. Nilipotazama kwenye kioo, mzee alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, ameshika kilemba chake kisianguke.

"Na yule fahali mgonjwa?"

"Hakuwepo, Baba."

"Nilimwombea dua, Mwakio! Wallahi nilimwombea dua!" Akajifuta macho, kisha uso ukabadilika. "Mama yako anamtafuta baba yake, na miaka miwili iliyopita ulikuwa hapa ukanyamaza?"

"Ndiyo."

"Hilo la fahali nimekusamehe. Hili la pili si langu kusamehe." Akaangalia saa. "Farasi watangoja. Yalla, tukamtafute babu yako."

Ndivyo tulivyofika kijijini kwa James Morrow, mzee wa Kikatari aliyevaa koti la mvua juu ya kanzu, na Mtaita aliyebeba kifuko cha udongo. Dukani mama muuzaji alitutazama kama tumetumwa na sarakasi, lakini alisikiliza. Akasema kanisa la Waprotestanti lipo, ila halitumiki tena. Waumini walizeeka, wengine walihama, na ibada ya mwisho ilishasahaulika. Ufunguo wa geti uko kwa Pat, mkulima wa jirani. "Pat si wao," akaongeza. "Pat ni Mkatoliki. Lakini ufunguo anao yeye."

Pat alikuwa mtu mrefu, mwekundu usoni, kofia imekaa kichwani kama imezaliwa naye. Hakushangaa. Alituambia tu tuangalie matope. Makaburi yalikuwa yamefyekwa vizuri, majani mafupi, ingawa mawe mengi yameinama na kufunikwa na mimea ya kutambaa. Baba, ambaye alizoea makaburi ya jangwani yasiyo na majina, alitembea taratibu kati ya mawe akiniuliza kila moja linasema nini. Nilimwuliza Pat nani anafyeka.

"Sisi. Baba yangu kabla yangu."

"Lakini si kanisa lenu."

Akanikazia macho kama nimeuliza swali la ajabu. "Walikuwa majirani zetu. Nani mwingine angefyeka?"

Dakika chache baadaye nikaliona. Jiwe kubwa, herufi zimeliwa na ukoga, lakini jina linasomeka: James Morrow. Mwanangu, nilianguka magotini. Sikujua kama nina machozi hayo. Nililia kwa ajili ya mama, na Saru, na ile siku ya wazazi, nikafungua kifuko nikamwaga udongo wote hapo, nikasema kwa Kitaita maneno ambayo sikumbuki. Baba alisimama nyuma yangu ameinua mikono, anasoma dua.

Pat alingoja tumalize. Alikuwa na adabu. Kisha akainama, akavuta majani ya chini ya jiwe, akayang'oa, akasoma mwaka. Akakohoa.

"Samahani sana," akasema. "Huyu alikufa zamani mno. Kama babu yako alikuwa Afrika wakati wa vita vikuu, basi huyu labda ni babu yake. Waliitwa James wote. Hawakuwa na ubunifu."

Baba ndiye aliyeanza kucheka, kisha Pat, kisha mimi, nikiwa bado na kamasi. Wageni wetu wa sebuleni huwa nawaachia hapo. Lakini udongo wa Saru ulikuwa juu ya mtu mwingine, na mama alikuwa na kifuko kimoja tu. Ikabidi tuuzoe. Baba alirudi garini, akaleta finjani zake za kahawa, na sisi watatu tukapiga magoti tukichota udongo mwekundu wa Taita, na udongo mweusi kidogo wa Ireland haukukosa kuchanganyika. Mzee wa miaka sabini na mbili, mwenye farasi arobaini, anazoa udongo kwa finjani kwa ajili ya dereva wake. Siwezi kumsahau.

"Twendeni kwa mama yangu," Pat akasema. "Yeye anawakumbuka wote, hata wale ambao wangependa kusahauliwa."

Mama yake aliitwa Brigid. Alikuwa ajuza mwenye macho makali, ameketi karibu na jiko na blanketi miguuni. Pat alipomwambia tunamtafuta James Morrow, hakufikiri hata kidogo.

"Yule wa Afrika?"

Nikasema ndiyo, yule wa Afrika.

"Yuko na dada yake, karibu na ukuta. Hakuoa. Alirudi kumwangalia baba yake, baba akafa, shamba likamwelemea, akabaki." Alinipima kwa macho kutoka juu hadi chini, pua, mashavu. "Wewe ni wake."

"Mjukuu wake. Mama yangu ni binti yake."

Akatikisa kichwa polepole. "Hatukujua. Hakusema kitu. Alikuwa mkimya, mtu wa ng'ombe. Lakini na ng'ombe wake alikuwa akizungumza, tena kwa lugha yake peke yake. Sisi watoto wa Kikatoliki tulikuwa tukijificha nyuma ya ukuta kumsikiliza. Tulidhani ndiyo lugha ya Waprotestanti."

Pat akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwuliza, "Alikuwa akisema nini?"

Ajuza yule akafumba macho, akatoa sauti ya kiume, nzito: "Nyoo, nyoo. Pole-pole. Pole-pole, Rispa. Nyoo, mama."

Baba hakujua Kiswahili, lakini aliona uso wangu akanishika bega.

"Rispa," nikasema. "Nani Rispa?"

"Ng'ombe," akasema Brigid. "Ng'ombe wake wa mbele. Akifa au akiuzwa, aliyefuata naye akaitwa Rispa. Nafikiri walikuwa watano au sita. Tulidhani ni jina la kwenye Biblia yao." Kisha akafumbua macho. "Si la Biblia?"

"Liko kwenye Biblia," nikamjibu. "Lakini ni jina la mama yangu."

Kisha ajuza akamwambia Pat atukatie mkate, na awe mkarimu kwa siagi.

Tulikwenda ukutani. Jiwe lilikuwa dogo, lina jina la dada mtu, na chini yake: na kaka yake James. Basi. Nikamwaga udongo wa Saru, uliokuwa sasa na majani na chembe za kahawa. Sikulia. Nilikuwa nimeshalia kwa yule mwingine. Nilipiga picha, lakini mvua ilikuwa inanyesha na jiwe limelowa, halisomeki. Kabla ya kuondoka Pat aliniomba anwani ya mama, nikamwandikia sanduku la posta la kanisa letu, nikasahau.

Sasa sikiliza kosa kubwa.

Jioni ile nilimpigia mama kutoka hotelini. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote. Akapokea simu kwa sauti kama ya mtoto: "Umemwona?" Na mimi nikaogopa. Nilifikiri, nitamwambiaje mwanamke wa miaka sabini, aliyemngoja baba yake maisha yote, kwamba jina lake alipewa ng'ombe? Kwamba kwenye jiwe hayupo kabisa? Kwa hiyo nikamwambia amelala vizuri, chini ya jiwe zuri, na kwenye jiwe imeandikwa: James Morrow, baba yake Rispa.

Mama alipiga kigelegele simuni. Jumapili akasimama kanisani akatoa ushuhuda. Wale waliomwita mtoto wa kuachwa, waliokuwa bado hai, walikuja nyumbani kumpa pole na hongera kwa pamoja. Mimi huku Doha nilijisifu kwamba nimefanya jambo la huruma. Mwaka uliofuata Baba alinipandisha kuwa msimamizi wa magari na zizi, nikapata ruhusa ya kuwaleta ninyi wawili, tukahamia hapa Al Wakrah. Niliona kila kitu kimenyooka.

Kumbe Pat alikuwa amengoja siku ya jua. Hakutaka kutuma picha mbaya. Alisafisha jiwe kwa brashi na maji, akalipiga picha, akaitia kwenye kadi ya Krismasi na kuipeleka Taita.

Simu ya mama ilikuja wakati tunakula. Huenda unakumbuka niliinuka nikaenda roshani.

"Mwakio," akasema, "nimepata picha ya kaburi la baba yangu. Picha safi sana. Nimeisoma mara tatu. Halafu nikampa kasisi naye akaisoma."

Nikaufunga mlango wa roshani nyuma yangu.

"Jina langu sijaliona."

"Mama, nilitaka—"

"Ulipokuwa darasa la tano ulinikana mbele ya watu, nikasema ni utoto. Sasa umenitukuza mbele ya watu kwa uwongo. Ni kipi kibaya zaidi? Mimi sijui. Fikiri, ukipata jibu uje." Akakata.

Alikuwa amelisikia lile la darasani. Alikuwa nalo miaka yote hiyo.

Hakupokea simu zangu miezi mitatu. Nikaomba likizo. Mama yako alikwambia nimeenda kushughulikia shamba. Nilifika jioni, nikamkuta jikoni anachambua kunde. Hakuinuka. Akanisogezea kigoda kwa mguu na kunipa ungo, nichambue na mimi.

Nikamwambia yote. Kaburi la kwanza, finjani, Pat na majani yake, dada mtu, ajuza, na ile sauti. Nilipofika kwenye ng'ombe nilishindwa, akaniangalia hadi nikasema.

"Ng'ombe?"

"Ndiyo, mama. Watano au sita. Wote Rispa."

Aliacha kuchambua. Nilitazama sakafu.

"Walikuwa na maziwa?"

"Sijui, mama. Walikuwa ng'ombe wa mbele. Wale wanaoongoza."

"Na alikuwa akiwaita kwa Kiswahili."

"Njoo, mama. Polepole. Hivyo."

Akaanza kucheka. Alianza taratibu, kisha mabega yakamtikisika, ungo ukamwagika, kunde zikatapakaa hadi chini ya jiko. Alicheka hadi akalia, akalia hadi akacheka tena. Mimi nilikuwa najua yupo kwenye kucheka au kulia kwa kutazama mikono yake tu.

"Ndivyo alivyokuwa akiniita," akasema mwishowe. "Njoo mama. Polepole mama. Nilikuwa napenda kukimbia kwenye mistari ya mkonge, anaogopa miiba. Nilidhani neno hilo nimelitunga mimi mwenyewe, maana Saru hakulikumbuka. Na wewe ulikuwa nalo mfukoni ukanipa jiwe!"

Usidhani alimsamehe Bwana Moro hapo hapo. Baada ya chakula alikasirika sana. "Ng'ombe sita anaweza kuwaita, barua moja hawezi kuandika?" Aliyasema hayo wiki nzima, akiosha vyombo, akienda mtoni. Siku ya nne nilisikia akipiga kelele shambani: "Moro! Toka kwenye mahindi, Moro!" Nikatoka mbio. Alikuwa anamfukuza beberu wake. Siku moja kabla alikuwa hana jina.

"Sasa tuko sawa," akaniambia, akihema. "Mimi na yeye. Wewe bado."

Jumapili alinisimamisha kanisani nikasema mbele ya wote kwamba nilidanganya kuhusu jiwe, na nikawasimulia la kweli. Nilidhani watamcheka mama. Walimcheka kweli, kanisa zima, na yeye akicheka kuwazidi, na mzee mmoja kule nyuma akasimama akasema yeye alikuwa mtoto shambani pale na anaikumbuka sauti ya Bwana Moro. Akaiga. Ilikuwa ile ile ya Brigid. Mama alimfuata mzee yule nje, wakakaa kwenye ukuta wa kanisa hadi mchana, anamwuliza hiki na kile: alivaa kofia gani, alikula nini, alikuwa akiimba? Mambo ambayo angeuliza miaka mingi nyuma kama asingeona haya, na kama mimi ningemrahisishia.

Nimekwandikia haya kwa sababu wewe umerithi ulimi wangu. Nimekuona ukimwambia mama yako chakula ni kitamu siku kimeungua. Hilo si kitu, endelea. Lakini utakuwa mbali, na utakuwa na siku mbaya, na utatupigia simu kila Ijumaa. Ukifeli mtihani tuambie umefeli. Ukipenda mtu ambaye sisi hatutampenda, tuambie anaitwa nani. Usitupe jiwe lililochongwa vizuri. Mimi na mama yako tunaweza kubeba mengi, na baadhi yake huenda yakatuchekesha usivyotarajia.

Nenda kwa nyanya yako kabla ya kwenda chuoni. Mwambie akuonyeshe kadi ya Pat; iko ukutani, karibu na picha yako ya kipaimara. Mwulize habari za baba yake, na muulize mambo madogo madogo, hayo ndiyo anayoyapenda. Atakulisha kupita kiasi. Na akikuuliza kama mimi nimebadilika, usinitetee. Mwambie ulichokiona katika nyumba hii.

Nasikia lifti, na kicheko chako kinatangulia. Nitaitia barua hii kwenye mfuko wa begi lako la mkononi na kujifanya natazama mpira.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda na ambaye kesho kwenye uwanja wa ndege atasema ana mafua,

Mwakio